Mbwa Aliyejua "Rara"

Kengele ya kwanza niliyoisikia maishani haikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha reli, kimefungwa waya na kutundikwa kwenye tawi karibu na kanisa la misheni upande wa Lugulu. Wazee walisema kilibaki wakati njia ya gari la moshi ilipopitishwa Bungoma, na fundi mmoja akakibeba begani mpaka misheni kama mtu anayebeba kuni. Mwalimu alikigonga kwa nati kubwa. Sauti yake ilikuwa na mkia, yaani ukishagonga inaendelea kulia peke yake, na ng'ombe waliokuwa wakinywa maji huko chini waliinua vichwa.

Nilikaa pale shuleni mpaka nikajua kusoma majina ya maduka na kuandika barua ambayo mtu mvumilivu anaweza kuisoma. Hesabu ya kugawanya ndiyo ilinishinda. Mwalimu alinieleza kwa ndizi, nikamwuliza ndizi zenyewe ziko wapi, akaniona mjeuri. Sikuwa mjeuri, nilikuwa na njaa. Tena alituchapa kwa sababu ya herufi mbili, l na r, kwa maana sisi Wabukusu wa Bungoma tunazibadilisha bila kujua. Mtu wa kwetu akikwambia anakwenda kura, usifikiri ni mambo ya uchaguzi, anakwenda kula ugali. Mimi fimbo ziliniingia, nikaanza kusikia tofauti. Wengine mpaka wanazikwa hawakuisikia, na walioa na kulima na kuzaa vizuri tu.

Niliacha shule siku ambayo kengele ililia huku ng'ombe wetu wako ndani ya mtama wa jirani. Baba alikuwa mtu wa kanisa, lakini aliniuliza, "Utasikiza kengere ama utasikiza ng'ombe?" Nikasema ng'ombe. Hakunigombeza. Nadhani alitaka nijibu hivyo.

Basi ng'ombe ndio walinipeleka Kitale, baada ya vita kubwa ya pili, nikiwa kijana mwenye ndevu chache. Wazungu wa huko walikuwa bado wanalima kwa ng'ombe wengi, jozi nyuma ya jozi kwenye jembe moja, na mtu aliyejua kuwaongoza hakukosa kazi. Nikaandikwa katika shamba la mahindi, mahali panapoitwa Kwanza. Asubuhi ya kwanza, kabla sijanywa uji, nikasikia sauti ile yenye mkia. Nikatoka nje. Kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mti. Nilicheka peke yangu. Niliikimbia Lugulu, nikaikuta imenitangulia.

Kengele hiyo ililia kwa kazi, na Jumamosi ililia kwa posho. Tulipanga mstari mbele ya stoo, kila mtu na gunia lake, na karani akatupimia unga. Mwisho wa mstari, nyuma ya watu wote, alisimama mtu wa makamo mwenye debe, na debe lile halikuwa lake. Ilikuwa posho ya mbwa. Alikuwa ndiye mtu wa mbwa wa bwana.

Watu walimchokoza kila wiki, na kila wiki ilikuwa kama mpya.

"Mume wa mbwa amefika. Nyumbani mmelalaje?"

"Tumerara vizuri," alijibu. "Yeye hakoromi kama wewe."

"Na anapika?"

"Hapiki. Rakini pia hasemi maneno ya jirani."

Nilimpenda kwa hayo majibu. Halafu nikamwuliza kwao, nikakuta ni Bungoma, na ukoo wake ndio ukoo wa mama yangu. Kwa hiyo nikamwita khocha, ndiyo kusema mjomba, na yeye akaniita mpwa. Jina lake naliacha, ana watu wake. Na sitaandika kila neno kama alivyolitamka, maana mtasoma polepole sana, lakini l hakuwa nayo hata moja. Ulimi wake ulikuwa wa r tupu.

Niseme kuhusu bwana pia. Alikuwa mzungu mrefu, mkimya, na watu wanapenda niseme alikuwa mbaya. Sisemi. Baridi ya Kitale ilipokuja alitupa blanketi, na ng'ombe akiugua alikesha naye zizini. Lakini habari ya mbwa alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na kiboko. Alijua kwamba mbwa asiyeogopa si mbwa. Wengi wetu tulijua hivyo hivyo. Kwetu mbwa alikuwa wa kuwinda na kubweka, akikaribia chungu anapigwa teke, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, yule mbwa. Alikuwa jike mwekundu, mkubwa, masikio yameanguka, na mgongoni alama za kiboko kama mistari ya kupanda mahindi. Bwana alimpata kwa kubadilishana na ndama, kutoka shamba moja karibu na mto Nzoia, pale panapoitwa Moi's Bridge siku hizi. Alikuja nyuma ya lori, ndani ya sanduku la mbao, amefungwa waya. Karani wa stoo alikuwa mtu wa kujipendekeza, akaingiza mkono amshike kichwa mbele ya bwana. Mbwa akaufunga mdomo juu ya ule mkono. Karani aliandika kwa mkono wa kushoto muda mrefu, na unga wetu ulipimwa vibaya, mara zaidi mara pungufu, hakuna aliyelalamika ilipokuwa zaidi.

Bwana alitaka kumpiga risasi siku hiyo hiyo. Akasita, kwa sababu ya ndama. Na wakati anasita, ikaja habari ya kichaa cha mbwa. Mtu mmoja aliumwa upande wa mlimani akafa akiogopa maji, na serikali ikasema mbwa wote waletwe kwenye josho la ng'ombe wachomwe sindano. Msaidizi wa daktari wa mifugo alikuja kwa baiskeli kutangaza. Alisimama mbele ya stoo, akasema: kila mwenye mbwa amshike mbwa wake mwenyewe, asitume mtu. Mbwa asiyeweza kushikwa na mwenyewe atapigwa risasi hapo hapo.

Bwana akamwita khocha.

"Wewe fanya hii mbwa mimi nashika. Kama hapana shika, basi. Bunduki."

"Ndiyo, bwana," khocha akasema. "Nipe mpaka siku ya sindano, na mtu asipite hapa na fimbo."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Mbwa akishikika na bwana ataishi. Asiposhikika, risasi.

Banda la mbwa lilikuwa karibu na zizi langu, kwa hiyo niliona yote, na mwanzoni niliona kwamba hakuna cha kuona. Khocha alikaa chini, ubavu wake umeelekea kwa mbwa, akatazama mbali. Nilifungua ng'ombe, nikaenda kulima, nikarudi. Amekaa.

"Khocha, unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Si umekaa tu."

"Ndiyo kazi yenyewe. Kaa hapa. Usimwangarie."

"Niangalie wapi?"

"Angaria mahindi. Macho ya mtu kwake ni fimbo."

Basi tukakaa, wanaume wawili wazima, tunaangalia mahindi kana kwamba yatasema kitu. Nyapara akapita, akatutazama, akaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa nimechoka na jembe, nikapiga miayo. Khocha akasema hiyo ni nzuri, nipige tena, mbwa akiona mtu anapiga miayo anajua hakuna vita. Nikapiga ya pili ya uongo. Nikasikia nyuma yetu mnyororo ukiburuta kidogo, halafu pumzi, halafu kitu cha baridi kikagusa kiwiko cha khocha. Hakugeuka. Aliweka kipande cha ukoko wa ugali chini, kando ya mguu wake, akaendelea na mahindi yake.

Hivyo ndivyo alivyomfundisha kila kitu. Sijui alijifunzia wapi. Nilimwuliza, akasema babake alikuwa na mbwa wa kuwinda na alikuwa mtu mvivu, hakupenda kusimama kwenda kupiga. Kamba aliiweka kando ya sahani yake ya chakula mpaka mbwa akaizoea kama tunavyozoea kiti. Baadaye akaipitisha shingoni wakati anakula, akaitoa kabla hajamaliza. Alifuma kikapu kidogo cha matete cha kuvaa mdomoni, kwa maana daktari alitaka midomo ifungwe, akakipaka mafuta ndani, akakishika tu mkononi. Mbwa mwenyewe akaingiza pua. Khocha hakukisukuma hata kidogo.

"Kwa nini usimvalishe mara moja tuone?"

"Mdomo ni wake. Wewe nikikuvarisha kofia kwa nguvu utashukuru?"

Kupe alimtoa mmoja mmoja, jioni, akiongea naye mambo ya shamba. Maji alimpa kabla ya chakula. Akikosea, khocha alinyamaza tu na kungoja. Hakumwita kamwe ili amwadhibu. Alisema mbwa ukimwita ukampiga, hujampiga kwa kosa lake, umempiga kwa kuja, na kesho hatakuja, na utamwita mjinga.

Neno la kulala ndilo nililolishangaa zaidi. Mimi ng'ombe wangu nikitaka asimame namwambia simama na kumvuta. Khocha hakumwambia mbwa chochote. Alingoja jua la mchana lipande, mbwa achoke, ajilaze mwenyewe kivulini. Tumbo likigusa ardhi tu, khocha anasema taratibu, "Rara," na ukoko unaanguka mbele ya pua. Kesho tena. Kama mtu anayemwonyesha mtoto kitu na kukitaja jina. Baada ya muda, akisema "Rara," mbwa analala hata kama jua halipo, hata kama kuku wanapita.

Siku moja ya mapumziko tulimpeleka Kitale mjini. Khocha alitaka azoee watu asiowajua, baiskeli, makelele. Alimvalisha kikapu, akapita naye kando ya barabara upande wake ule usio na watu, na mbwa alipochafua mbele ya duka la Mhindi, khocha akakata jani la mgomba akazoa, akafukia. Watu walisimama kumtazama mtu mzima akizoa mavi ya mbwa. Mmoja akauliza, "Ni dawa?" Khocha akasema, "Ni adabu. Wewe ungeyakanyaga."

Tulikuwa tunaenda kwa mwenye bucha karibu na msikiti. Alikuwa Mwislamu mzee, mtu wa asili nyingi, mama wa huku baba wa kule, na alimpa khocha mapafu ambayo watu hawakununua. Alipotuona na mbwa akanyanyua upindo wa kanzu.

"Mzee, huyo abaki pale kwenye jiwe. Mate yake siyataki kwenye kanzu."

"Hatakuja."

"Atajuaje asije?"

Khocha akamwambia mbwa, "Rara." Mbwa akalala kando ya jiwe.

Mwenye bucha akatazama. "Rara ndiyo nini?"

"Si kurara."

"Ah. Kulala."

"Ndiyo. Kurara."

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Huyu ni mbwa wa Bungoma kabisa. Na mwenye mbwa, mzungu wako, akimwambia lala?"

"Si ndiyo hiyo hiyo," khocha akasema. "Rara."

"Siyo hiyo hiyo, ndugu yangu."

"Mimi nimesema nini na wewe umesema nini?"

Mwenye bucha akanitazama mimi. Nikatazama mapafu. Halafu yule mzee akachukua kibakuli kilichovunjika, akakijaza maji, akakisukuma kwa fimbo ndefu mpaka kwa mbwa, akarudi nyuma na kanzu yake. Khocha akamvua mbwa kikapu anywe. Mzee akasema kiu ya mnyama ni deni mbele ya Mungu lakini mate ni mate. Nimewahi kumsimulia padri mmoja habari hiyo, akasema ilikuwa nzuri, kisha akauliza kama mzee huyo alibatizwa baadaye. Nikasema sijui, nilimwendea nyama.

Siku ya sindano ikafika. Watu wa mashamba ya jirani walikuja na mbwa wao, wengine kwa kamba za katani, wengine wamewabeba. Wafanyakazi wetu walipanda juu ya ukuta wa josho kama kuku, kwa sababu hakukuwa na sinema. Daktari alikuwa mzungu mwenye kaptura, na kando yake askari mwenye bunduki. Daktari alisema watumishi wanaotunza mbwa wakae mbali, nyuma ya stoo, ili mbwa wasiwatazame wao. Kwa hiyo khocha alikuwa huko nyuma na mbwa wengine, haoni wala hasikii. Mimi nilipewa kushika lango la josho.

Bwana akaja na jike mwekundu. Alitembea vizuri, kamba imelegea, kikapu mdomoni. Nilimwona bwana anajisikia vizuri.

Daktari akasema mbwa alale.

"Lala," bwana akasema.

Mbwa akamtazama.

"Lala."

Akatikisa mkia kidogo, kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha ya wageni na anataka kuwa na heshima. Bwana akavuta kamba chini. Hapo mgongo wa mbwa ukainuka, zile alama zikaonekana, na mlio ukaanza ndani ya kikapu, ule wa siku ya lori. "Lala, lala," bwana akasema kwa nguvu, na kila alivyosema kwa nguvu mbwa alizidi kutetemeka. Daktari akarudi nyuma hatua. Askari akaisogeza bunduki kutoka begani.

Niliacha lango, nikamwendea bwana, nikamnong'oneza sikioni. Alinuka tumbaku.

"Bwana, huyu amefundishwa rara. Kwa r."

"Nini?"

"Rara."

"Hiyo hapana neno."

"Kwake ni neno, bwana."

Akamtazama askari. Akatazama ukuta wenye watu. Halafu akainama, na kwa sauti ndogo kabisa, akasema, "Rara."

Mbwa akalala. Akaweka kidevu, pamoja na kikapu chake, juu ya kiatu cha bwana. Daktari akamchoma sindano, hakustuka hata. Akafungwa kibati cha serikali shingoni, na mambo yakawa yamekwisha.

Yangekuwa yamekwisha kweli kama ukuta mzima haungecheka. Hawakumcheka mbwa. Walicheka kwa sababu mzungu, aliyezoea kutucheka sisi kwa maneno yetu, amesema kama mama wa Bungoma anayembembeleza mtoto. Hata daktari alicheka na kusema kitu kwa Kiingereza. Masikio ya bwana yakawa mekundu kama mbwa.

Tangu siku hiyo bwana akapata jina. Akipita kwenye mahindi, mtu mmoja mistari mitano huko anasema, "Rara," na mwingine anajibu, "Tumerara." Wanawake waliopukuchua mahindi wakalifanya wimbo. Khocha hakupenda. Alitwambia, "Mnachezea maisha ya mtu." Tulidhani anamaanisha bwana.

Bwana alimwondoa mbwa bandani akamfunga nyumbani kwake, uani, karibu na jikoni. Akamwambia khocha ashughulike na wale wengine. Huyu atamfundisha yeye mwenyewe kusema, yaani kusikia, lala. Lala sawasawa.

"Bwana," khocha akasema, na mimi nilikuwepo, nimeleta maziwa, "neno ni neno tu. Si anarara?"

"Mimi hapana taka mbwa ya Kibukusu."

"Basi niache nimfundishe hiyo yako."

"Wewe hapana weza sema hiyo yangu."

Na hilo lilikuwa kweli. Jioni khocha akaja zizini kwangu. Alikaa juu ya nira ya ng'ombe, akavua kofia.

"Mpwa, wewe umesoma. Niambie hiyo ya bwana."

"Lala."

"Rara."

"Ulimi uende juu, nyuma ya meno. La."

"Ra."

"La."

Akafikiri. Akaweka kidole mdomoni kuushikilia ulimi. "Ra." Akatema mate, akajaribu tena, jasho linamtoka. Ng'ombe walikuwa wanacheua na kumtazama. Mwishowe akatoa "Lara," nikamwambia nusu imefika. Alifurahi kwa hiyo nusu. Akaenda nayo gizani akiirudia, lara, lara, mtu wa umri wa baba yangu, na asubuhi akaipeleka kwa bwana. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akamwambia arudi kwa mbwa wake.

Uani mafundisho yalikuwa ya kiboko. Bwana anasema lala, mbwa hajui, anasimama, kiboko. Anasema lala, mbwa anakimbilia ukuta, kiboko. Mpishi alitueleza, na sauti tulizisikia wenyewe kutoka shambani. Mbwa alianza kukojoa akiona kivuli cha bwana tu. Aliacha kula mbele ya watu. Khocha alipita nyuma ya ukuta na debe lake kila siku, na alikuwa anapunguza mwendo pale, lakini hakuita. Nilimwuliza kwa nini hata asimsalimie. Akasema akimwita na asimfungue, atakuwa amemdanganya.

"Ataanza kuuma tena," akasema. "Na akiuma mara hii hakuna daktari wa kungojea."

Watu wameniuliza kama baadaye kulikuwa na kesi, kama polisi wa Kitale walitumwa. Sikusikia kesi. Askari mmoja alikuja kuuliza maswali, tukamjibu kila mtu kwa njia yake, akaenda. Nasema sasa nisije nikasahau.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho. Tulikuwa kwenye mstari mbele ya stoo, na kutoka pale ua wa bwana unaonekana wote, kwa sababu ukuta upande huo ni mfupi. Bwana alimtoa mbwa katikati ya ua, ameshika mnyororo mkono mmoja na kiboko mkono mwingine. Akasema lala. Akampiga. Akasema lala. Mbwa akarudi nyuma mpaka mnyororo ukakaza, halafu akageuka na meno yakatoka yote. Aliuma hewa tu, karibu na mkono. Bwana akaachia mnyororo, akarudi nyuma, akamwambia mpishi, "Lete bunduki."

Mpishi akaingia ndani. Alikaa sana huko. Tulisikia anafungua na kufunga milango ya makabati ambayo sote tulijua hayana bunduki.

Khocha akaweka debe la posho chini. Aliliweka vizuri, lisimwagike. Akatoka mwisho wa mstari, akapita mbele yetu sote, akaingia uani kupitia lango. Hakukimbia. Alipofika akampa mbwa ubavu, akatazama mbali, upande wa mlima. Bwana alikuwa amesimama na kiboko, hajui amtazame nani. Baadaye kidogo mbwa akaja, tumbo chini, akagusa kiwiko cha khocha kwa pua. Khocha akafungua ukanda wa shingo, pamoja na mnyororo na kibati cha serikali, akautundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Halafu akaanza kutembea kuelekea barabarani. Mbwa alikuwa kando yake, bila kamba.

"Wewe," bwana akasema. "Hiyo mbwa yangu."

Khocha akasimama, akageuka. Alisema kwa heshima, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda matangani.

"Mwite, bwana. Akikutii ni wako, na mimi nitarudi naye."

Bwana akafungua mdomo. Neno alilijua. Lilikuwa neno moja tu, na mbwa alikuwa bado karibu, angelala pale pale kwenye vumbi, kwa maana khocha alimfundisha vizuri mno. Nilimwona mdomo wake unaanza kulitengeneza. Halafu akatutazama sisi, mstari mzima na magunia yetu mikononi. Hakuna aliyecheka. Nafikiri tungecheka ingekuwa rahisi kwake kukasirika na kulisema.

"Lala," akasema.

Mbwa alisimama, masikio yakainuka kidogo. Akamtazama khocha usoni, kuuliza. Khocha alikuwa ameshageuka, anatembea. Mbwa akamfuata.

"Lala," bwana akasema tena, lakini sasa ilikuwa kama anajisemea.

Wakapita mahindi ya kwanza, wakapita mti wa kengele, wakaingia barabara inayokwenda Kitale. Blanketi la khocha lilikuwa kambini, na sufuria yake, na posho yake ya wiki hiyo alikuwa hajachukua. Hakugeuka. Tuliwaona mpaka mikaratusi ilipowaficha, mtu na mbwa wanatembea mwendo mmoja, na hakurudi tena.